Inchi Moja na Nusu

Watu huniletea vitambaa, lakini ninachokipima ni miili.
Tangu nikodi fremu hii ya Sinza, nyuma ya duka la gesi,
nina daftari moja la kaunta, jalada limeliwa na mende,
na ndani yake nusu ya mtaa imelala kwa tarakimu.

Leokadia, ukurasa wa kumi na tisa:
kifua thelathini na nne, kiuno ishirini na nane,
hipsi thelathini na sita.
Kando nimeandika kwa penseli: hapendi mikono mifupi.
Vipimo hivyo vilidumu miaka saba,
vikapita uchumba, vikapita kuvunjika kwa uchumba.
Nilikuwa namkatia kwa macho tu.

Mwezi wa kumi alileta kitenge cha sendoff ya mdogo wake.
Nikanyoosha futi, akanizuia mkono.
"Usipime hii. Hii inaondoka.
Nishonee ya mwezi wa pili."
Akanionyesha simu: mwanamke asiye na uso,
picha imekatwa shingoni, imekatwa magotini,
kama pande la nyama kwenye ndoano ya bucha.
"Hipsi arobaini na nne. Kiuno hichohicho."

Kizuri chajiuza, nilitaka kumwambia,
lakini yeye ana duka la mapazia Kariakoo;
anajua hakuna kinachojiuza.
Na mchezo ulikuwa umefika zamu yake:
elfu kumi kila siku, mvua inyeshe, mtoto augue,
hadi ikatimia tiketi ya Uturuki, na kitanda, na kisu.

Ningesema nini? Mimi nimelelewa Newala
na bibi mwenye ndonya.
Mdomo wa juu walimtoboa kwa mwiba,
wakatia kijiti, kisha kijiti kinene, kisha mpingo
mpana kama kifuniko cha soda.
Chale za shavuni zilisuguliwa mkaa wa mbarika.
"Uliumia?" nilimuuliza.
"Sana," akasema, akasogeza kidevu kwenye mwanga
ili nione vizuri.

Yeye alichanjwa afanane na mama zake.
Leokadia atafanana na nani?
Nililifikiria hilo nikipiga pasi,
kisha nikamkumbuka mama, kwenye foleni ya maji Temeke,
mtandio umepanda hadi chini ya macho
kwa sababu ya watoto waliokuwa wakimhesabia michoro kwa sauti.
Nikaunguza kola ya watu.

Basi nikashona nguo ya mtu ambaye bado hayupo.
Mikono nikaiacha mirefu.
Ilining'inia miezi mitatu; feni ikiwaka
inajaa upepo nyuma, inageuka kidogo, kama inaitwa.
Wateja wakauliza ni ya nani.
Wawili hawakuuliza bei ya mshono, waliuliza namba ya daktari.

Alikuja usiku, nafunga.
Kwenye benchi hakukaa; wiki sita hakukaa popote.
Nikavuta pazia. Chini ya kitovu, kovu dogo,
kama tundu la kifungo lililoshonwa na mwanafunzi.
Futi haina aibu. Kutoka uti wa mgongo hadi ubavuni:
kulia kumi na mbili,
kushoto kumi na nusu.

Nikarudia. Kumi na nusu.
"Waliniambia yatatulia," akasema, akiongea na kioo.
"Yatatulia?"
Nilikuwa na pini mdomoni. Ilinisaidia.

Daftarini sikuandika kitu.
Nikafumua bitana ya kushoto, nikatia pamba,
nikaigandamiza, nikaongeza, nikaishona kwa mkono,
mishono midogo, ile ya kuzikwa ndani ya kitambaa,
inchi moja na nusu.

Siku ya sendoff, ukumbi wa Mwenge,
alipoingia akicheza vigelegele vilipaa, simu zikanyanyuliwa.
Nilikuwa meza ya nyuma na sahani ya pilau, sijala.
Wengine walitazama walichotazama.
Mimi nilitazama upande wa kushoto,
akiinama, akizunguka, akiinama tena.
Mshono ulishika.